Furu, Sangara na Rafu za Mbali: Historia ya Upatikanaji wa Maarifa ya Samaki katika Ghuba ya Speke na Bonde la Mto Simiyu, 1888–2021

Utangulizi

Mji wa Bariadi hauko ufukweni. Anayetoka hapo kwenda Ziwa Victoria hupita kwanza katika nchi ya pamba, mahindi na mifugo, kisha hushuka hadi Lamadi, wilayani Busega, ndipo huyaona maji ya Ghuba ya Speke. Hata hivyo, uhusiano wa mji huo na ziwa ni wa karibu kuliko ramani inavyoonyesha. Maji ya mvua katika sehemu kubwa ya Bariadi, Itilima na Maswa hukusanywa na Mto Simiyu pamoja na tawi lake la Duma, nao mto huo humwaga maji yake katika ghuba hiyo upande wa Magu. Kinachooshwa shambani hufika walipo samaki. Samaki nao, dagaa na sangara hasa, hurudi kwa njia ya barabara hadi sokoni Bariadi.

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kwa kumega Mkoa wa Shinyanga, na Busega ilitolewa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Kwa mtafiti wa historia jambo hili si dogo. Takwimu za uvuvi za ufukwe ambao leo ni wa Simiyu zilichapishwa kwa miongo mingi chini ya jina la Mwanza, na takwimu za kilimo cha pamba cha Bariadi chini ya jina la Shinyanga. Mto mmoja uligawanywa katika majalada mawili.

Makala haya yanachunguza jinsi maarifa ya kisayansi kuhusu samaki wa eneo hili yalivyokusanywa, yalikohifadhiwa, na nani aliweza kuyasoma. Katika mijadala ya sasa kuhusu machapisho huria hudhaniwa mara nyingi kwamba tatizo ni bei ya jarida; ikiondolewa bei, elimu humfikia anayeihitaji. Historia ya Ghuba ya Speke haiungi mkono dhana hiyo moja kwa moja. Uamuzi uliobadilisha ziwa kuliko mwingine wowote, yaani upandikizaji wa sangara, ulifanywa na watu waliokuwa na ripoti mezani. Waliokosa ripoti walikuwa wale ambao uamuzi huo uliwaangukia.

Sampuli zilizovuka bahari

Wazungu wa kwanza waliofika kusini mwa ziwa walitafuta mto, si samaki. John Hanning Speke aliliona ziwa mwaka 1858, na ghuba ikapewa jina lake. Henry Morton Stanley, aliyeanza kulizunguka ziwa kwa mashua mwezi Machi 1875 akitokea Kageyi, aliuona Mto Simiyu na kuuhesabu kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Kwa muda mfupi, basi, mto huu ulikuwa maarufu katika magazeti ya London na New York kwa sababu ambayo haikuwahusu walionywa maji yake.

Elimu ya samaki ilianza na mtu aliyepita kwa shughuli nyingine. Daktari Mjerumani Gustav Adolf Fischer alitumwa mwaka 1885 kumtafuta mpelelezi Wilhelm Junker aliyekuwa amekwama kaskazini. Fischer hakumfikia, lakini alirudi Ulaya na samaki wa ziwa waliohifadhiwa, na akafariki mwaka 1886. Miaka miwili baadaye Franz Hilgendorf wa makumbusho ya Berlin aliwaeleza samaki hao katika taarifa fupi ya Kijerumani, na humo akaliweka jina Haplochromis. Hilo ndilo jina la kisayansi ambalo limebeba kundi la samaki wadogo wenye rangi ambao wavuvi wa kusini mwa ziwa huwaita furu.

Utaratibu ulioanza hapo haukubadilika kwa muda mrefu. Sampuli ilichukuliwa ziwani, ikatiwa katika chupa, ikasafirishwa, ikaelezwa kwa lugha ya mji wa makumbusho, na kielelezo chake cha msingi kikabaki huko. Kila mtafiti aliyetaka kuhakikisha kama furu aliyeshika mkononi ni wa spishi fulani alilazimika kumlinganisha na kielelezo hicho, au walau na maelezo yaliyochapwa. George Albert Boulenger alikusanya maelezo ya samaki wa maji baridi wa Afrika katika juzuu nne kati ya 1909 na 1916. Charles Tate Regan akawapanga upya samaki wa jamii ya furu wa Ziwa Victoria mwaka 1922. Kazi zote mbili zilifanyika London. Haina maana kuwalaumu watu hao kwa kukaa karibu na maktaba zao. Kinachopaswa kuzingatiwa ni kwamba jedwali la majina lilikamilika mbali na maji, na aliyekaa ufukweni hakuwa na njia ya kulisahihisha.

Onyo lililosomwa

Utafiti wa kwanza wa uvuvi wa ziwa zima ulifanywa na Michael Graham mwaka 1927 na 1928, akisaidiwa na Edgar Barton Worthington, na ripoti ikatolewa London mwaka 1929. Sababu ya kuitwa kwake ilikuwa ya kiuchumi. Nyavu za makila zilikuwa zimeingia katika ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya, tangu mwaka 1905, na mavuno ya ngege kwa kila wavu yalikuwa yanapungua. Graham alipendekeza ukubwa wa chini wa matundu ya nyavu na usimamizi wa pamoja wa ziwa. Katika ripoti hiyohiyo alionya kwamba kuingiza ziwani samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingineko kungekuwa hatari kubwa kama hakukutanguliwa na utafiti wa kina.

Onyo hilo halikupotea. Lilisomwa na kurejelewa. Mwaka 1947 ilianzishwa taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Afrika Mashariki mjini Jinja, iliyojulikana kwa ufupi kama EAFRO, na watafiti wake waliendeleza wasiwasi huohuo. Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960, katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki, hoja ya kupinga kuletwa kwa sangara. Wapo waliomjibu. Mjadala ulikuwa wa wazi kwa maana ya kitaaluma: kila upande ulichapa, na kila upande ulisoma wa mwenzake.

Lakini wakati Fryer anaandika, sangara walikuwa tayari wamo ziwani. Robert Pringle, katika uchambuzi uliotoka mwaka 2005 kwenye jarida la BioScience, anaonyesha kwamba samaki hao waliingizwa upande wa Uganda kuanzia mwaka 1954 bila kutangazwa, kwa mikono ya watu wa idara iliyohusika na uvuvi, na kwamba upandikizaji wa hadharani wa mwaka 1962 na 1963 ulifuata jambo lililokwisha kutendeka. Wanasayansi walikuwa wanajadili mlango uliokwisha kufunguliwa.

Hapa ndipo dhana ya kwamba maarifa yakipatikana yatatumika inapokwama. Maafisa walikuwa na ripoti ya Graham, walisoma Kiingereza, na baadhi yao walikaa safari ya siku moja tu kutoka Jinja. Hawakukosa habari, walikuwa na nia tofauti, yaani kumgeuza furu mdogo asiye na bei kuwa samaki mkubwa mwenye soko. Kwa upande mwingine, hakuna chombo chochote kilichowapelekea wavuvi wa Ghuba ya Speke swali hilo, kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita wala Kiswahili, kabla halijajibiwa. Wao wangekuwa na la kusema. Waliishi kwa furu, ngege, kamongo na ningu.

Ningu anastahili kusimamishwa kidogo, kwa kuwa ndiye samaki anayewaunganisha watu wa ziwa na watu wa mito. Hukaa ziwani na kupanda mito wakati wa mafuriko ili kutaga, na jamii za kandokando ya mito zilimngojea kwa migono na vizuizi vya fito. Peter Whitehead alieleza mienendo ya samaki wa aina hiyo mwaka 1959. Mwaka 1965 Cadwalladr aliandika juu ya kupungua kwa ningu katika Mto Nzoia, Kenya, akiihusisha hali hiyo na nyavu za makila zilizotegwa midomoni mwa mito, na akaonyesha kwamba pamoja na samaki zilidhoofika pia mbinu za jadi za kumvua. Ni nadra makala ya biolojia ya wakati ule kutambua kwamba pamoja na samaki hupotea ujuzi. Makala hayo, hata hivyo, yalichapwa katika jarida la kilimo na misitu lililosomwa na mabwana shamba, si na waliotega migono.

Jina moja kwa spishi mia tano

Kati ya mwaka 1969 na 1971 ulifanyika utafiti wa wavu wa kukokota katika ziwa zima chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa na EAFRO, ambayo wakati huo ilikuwa imeongezwa neno la maji baridi katika jina lake na kuitwa EAFFRO. Matokeo yaliyochapishwa na Kudhongania na Cordone mwaka 1974 yalionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa walikuwa furu. Yalitoka katika jarida lililoanzishwa na taasisi za kanda yenyewe mwaka 1971, likichapwa Nairobi, kwa ajili ya elimu ya maji na uvuvi wa nchi za joto. Kwa mara ya kwanza elimu ya ziwa ilikuwa na rafu yake Afrika Mashariki. Rafu hiyo haikudumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na pamoja nayo taasisi ya Jinja katika umbo lake la kikanda; kila nchi ikabaki na kipande chake. Tanzania iliunda Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, kwa sheria ya mwaka 1980, na kituo cha Mwanza kikachukua dhamana ya upande wa kusini.

Katika pengo hilo ndipo lilipoingia kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, lililofahamika kama HEST, lililoanza kazi Mwanza mwaka 1977 kwa ushirikiano na watafiti wa Tanzania. Lengo la awali lilikuwa la kiuchumi tena: kulikuwa na mpango wa kuvua furu kwa nyavu za kukokota na kuwasaga kuwa chakula cha mifugo, na ilipaswa kujulikana kuna spishi ngapi na zinaishi vipi. Frans Witte na wenzake walikata mstari wa utafiti katika Ghuba ya Mwanza, wakavua, wakapima na kuhesabu mwaka hadi mwaka. Hawakujua kwamba walikuwa wanaandika orodha ya waliokaribia kuondoka.

Kati ya mwaka 1983 na 1986 hivi sangara waliongezeka ghafla katika Ghuba ya Mwanza, na furu wa maji ya wazi na wa matope wakatoweka katika nyavu za watafiti. Makala ya Witte na wenzake ya mwaka 1992 ndiyo yaliyoupa ulimwengu takwimu za kuporomoka huko. Inakadiriwa kwamba ziwa lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za jamii hiyo, na zipatazo 200 zilidhaniwa kupotea au kukaribia kupotea.

Kwa nini tukio kubwa namna hiyo halikuonekana katika takwimu za serikali lilipokuwa likitokea? Jibu liko katika karatasi za mialoni. Makarani wa uvuvi waliandika mavuno kwa majina ya biashara, na furu wote walikuwa safu moja. Spishi moja ikitoweka na nyingine ikiongezeka, safu hubaki na kilo zilezile. Hata ziliposhuka, kilo zilieleza kupungua kwa furu, si kupotea kwa aina. Hapa jina la mvuvi na jina la karani yalikutana na kushindwa kwa pamoja kubeba kilichokuwa kinatokea, ilhali majina yaliyoweza kukibeba yalikuwa ya Kilatini, katika madaftari ya watu wachache. Kwa maoni ya makala haya, hicho ndicho kilikuwa kizuizi kikubwa zaidi cha upatikanaji wa maarifa katika historia yote ya ziwa, na hakikuhusiana na bei ya jarida lolote.

Yaliyofuata yanajulikana. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na kwingineko, minofu ikaenda Ulaya, na vichwa na mifupa iliyobaki, mapanki, ikawa kitoweo cha wasiomudu minofu. Mwaka 1994 nchi tatu zilitia saini mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja. Wazo la Graham la usimamizi wa pamoja lilikuwa limesubiri miaka 65.

Pamba, tope na nusu ya hoja

Bariadi inaingia katika historia hii kwa mlango wa kilimo. Pamba hunyunyiziwa viuatilifu, na mashamba yaliyolimwa hadi ukingo wa mto hupoteza udongo. Mwezi Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wanatumia sumu kuvulia. Zuio hilo liliwaumiza wavuvi wengi waliovua kwa nyavu na ndoana tu, nalo lilidhihirisha gharama ya kutokuwa na vipimo vyao wenyewe: mtuhumiwa asiye na maabara hana ushahidi. Henry na Kishimba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima mabaki ya viuatilifu katika sato na sangara wa kusini mwa ziwa na kuchapisha matokeo mwaka 2006 katika jarida la kimataifa la uchafuzi wa mazingira, lililopatikana kwa usajili wa kulipia. Utafiti ulifanywa na Watanzania, kuhusu samaki wa Tanzania, na jibu lake likahifadhiwa nyuma ya lango la malipo.

Mwaka uliofuata, 2007, Rwetabula pamoja na De Smedt na Rebhun walichapisha utafiti wa mtiririko wa Mto Simiyu, bonde lenye zaidi ya kilomita za mraba 10,000, katika jarida huria la haidrolojia. Mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuusoma siku ulipotoka, bila nywila wala ada.

Ukiwekwa utafiti huo kando ya ule wa Seehausen, van Alphen na Witte wa mwaka 1997, hali halisi ya upatikanaji inaonekana. Watafiti hao watatu walionyesha kwamba maji yanapochafuka, furu jike hushindwa kutofautisha rangi za madume, spishi zilizo karibu huzaliana, na tofauti kati yao hufifia. Kwa maneno mengine, tope pekee, hata pasipo sangara, laweza kupunguza idadi ya spishi. Hoja hiyo inamhusu moja kwa moja mkulima wa bonde la Simiyu, kwa kuwa udongo wake ni sehemu ya tope hilo. Lakini ilitoka katika jarida la Science la Marekani, ambalo wakati huo lilisomwa na wanachama na maktaba zilizolipia. Kwa hiyo msomaji wa Bariadi mwenye kompyuta, miaka kumi baadaye, angeweza kupata bure nusu ya hoja, yaani maji yanavyoteremka, na kukosa nusu ya pili, yaani yanavyowafanya samaki. Ofisa wa kilimo aliyesoma nusu ya kwanza peke yake angeona tatizo la mmomonyoko tu.

Milango iliyofunguliwa

Kuanzia mwanzo wa karne hii milango kadhaa ilifunguliwa, kila mmoja kwa namna yake. Tamko la Budapest la mwaka 2002 lilizipa juhudi zilizotawanyika jina moja na msimamo mmoja. Mpango wa AGORA, ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya FAO, uliziwezesha taasisi za nchi zenye kipato cha chini kusoma majarida ya kilimo na uvuvi bure au kwa ada ndogo. Ni msaada wa kweli, lakini ulipewa taasisi iliyosajiliwa. Mwalimu wa sekondari wa Bariadi, ofisa uvuvi wa kata au kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa mwalo hakuwa taasisi.

Mlango wa pili ulifunguliwa na makumbusho na maktaba zenye vitabu vya zamani. Maktaba ya Urithi wa Bayoanuwai, mradi wa pamoja ulioanzishwa na maktaba za Marekani na Uingereza, imeweka mtandaoni juzuu za Boulenger na matoleo ya makumbusho ya London ambamo Humphry Greenwood alichapisha, kuanzia miaka ya 1950, mfululizo wa uchambuzi wake wa furu wa Ziwa Victoria. Matokeo yake yana kejeli kidogo. Msomaji anaweza kupakua bure kilichoandikwa juu ya samaki wa ziwa mwaka 1909, lakini makala ya mwaka 1992 yanayoeleza jinsi walivyopotea yalitoka katika jarida la usajili. Kilichokwisha kupitwa ndicho kilichotangulia kuwa huria.

Mlango wa tatu ndio wenye thamani zaidi kwa mwanahistoria, ingawa ndio unaotajwa kidogo. Wakutubi wa taasisi za uvuvi za Jinja na za Kenya walianza kuchanganua ripoti za zamani, zikiwamo za EAFRO, na kuziweka katika hazina za kidijitali za elimu ya maji ambazo baadaye ziliunganishwa kuwa AquaDocs, chini ya Tume ya Bahari ya UNESCO. Kazi hiyo ya mikono, ya kurasa zilizokaukia kabatini, imeokoa nyaraka ambazo hazikuwahi kuwa katika jarida lolote: taarifa za mwaka, majedwali ya mavuno, kumbukumbu za vikao. Bila hizo, mjadala wa sangara ungejulikana kwa upande wa waliochapa Ulaya tu.

Isisahauliwe kwamba uhuria wa msomaji mara nyingi umekuwa gharama ya mwandishi. Majarida mengi yaliyoondoa ada ya kusoma yaliweka ada ya kuchapa. Mtafiti wa Leiden hulipiwa na chuo chake. Mtafiti wa Mwanza huomba punguzo, na wakati mwingine hungoja mshirika wa nje mwenye fedha. Mapendekezo ya UNESCO kuhusu sayansi huria, yaliyopitishwa mwaka 2021, yanalitambua tatizo hilo, lakini kulitambua si kulilipia.

Lugha ya tasnifu

Limebaki suala la lugha. Nchini Tanzania elimu ya msingi hutolewa kwa Kiswahili, na sekondari na vyuo kwa Kiingereza. Kwa hiyo tasnifu za Kiswahili zilizomo katika hazina za vyuo vikuu ni, kwa sehemu kubwa, za isimu na fasihi. Tasnifu kuhusu sato, dagaa na sangara zimeandikwa kwa Kiingereza, hata pale mwandishi, msimamizi na waliohojiwa mwaloni wote ni wazungumzaji wa Kiswahili. Mahojiano hufanywa kwa lugha moja na majibu huhifadhiwa kwa nyingine, na mhojiwa hawezi kukagua alichonukuliwa.

Hili haliwezi kuelezwa kwa ukosefu wa istilahi pekee. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na maneno kama spishi, jenasi na ikolojia yamezoeleka madarasani. Kinachokosekana ni desturi ya kuyatumia katika utafiti. Mfano wa karibu ni mradi wa maji wa Simiyu, unaokusudia kuyatoa maji ziwani, Busega, na kuyafikisha Bariadi na miji jirani, na ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinishia fedha mwaka 2017. Nyaraka zake kuu, pamoja na tathmini za mazingira, zimewekwa wazi katika tovuti ya mfuko huo, kwa Kiingereza. Haziko nyuma ya lango lolote, wala haziombi malipo.

Mwaka 1985 Els Witte-Maas na Frans Witte walimweleza furu mmoja wa miamba, ambaye madume yake yana wekundu mgongoni, wakampa jina Haplochromis nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Maelezo yalichapwa Leiden kwa Kiingereza. Samaki huyo na ndugu yake wa karibu wa Kisiwa cha Makobe, katika Ghuba ya Speke, walikuja kuwa msingi wa utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2008, ulioonyesha jinsi mwanga wa maji na macho ya samaki vinavyoweza kuzaa spishi mbili kutoka moja. Mwaka 2014 jenomu yake ilichapishwa pamoja na ya sato na za samaki wengine watatu wa jamii hiyo, na data zake zikawekwa katika hifadhi za umma. Mfuatano huo wa herufi za vinasaba unaweza kupakuliwa Bariadi leo, bila malipo, na mtu yeyote mwenye kifurushi cha intaneti cha kutosha. Furu wengi waliokusanywa na HEST wakati huo wamo Leiden, katika chupa zenye lebo za Ghuba ya Mwanza.